Mume wangu hasemi, nami siwezi tena kusali

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku huu watoto wakiwa wamelala na mgonjwa ametulia kidogo. Nina miaka 41 na watoto watatu, tunaishi Makambako. Ni Mlutheri tangu utoto, nilibatizwa na kupata kipaimara hapa hapa, na mume wangu tulikutana kwaya. Yeye alikuwa besi. Watu walikuwa wakisema akikosekana yeye, kwaya inakuwa kama nyumba isiyo na sakafu.

Mwaka jana wakati wa Kwaresima alikuwa karakana akipiga randa ubao wa mlango. Kijana wake akaona randa imedondoka, akafikiri imemponyoka tu. Alipomtazama usoni akaona mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaondoka. Mpaka leo neno alilobaki nalo ni "ndiyo". Hata anapokataa anasema "ndiyo", huku anatikisa kichwa na machozi yanamtoka. Presha aliambiwa anayo miaka mingi nyuma. Alikuwa anameza vidonge kichwa kikimuuma, kikipoa anaviacha, anasema vinamchosha.

Tulilazwa wiki tatu. Tuliporudi nyumbani nilikuwa nimeshauza mashine yake ya randa na mbao zote alizokuwa amezianika. Mimi napika chapati na chai barabarani, pale yanaposimama mabasi ya Songea na ya Mbeya. Naamka saa kumi usiku, namgeuza, nambadilisha, nampa uji, anapaliwa, nasubiri, nampa tena. Halafu nakanda ngano. Baridi ya huku unaijua. Wateja wakipungua nakimbia nyumbani kumgeuza, narudi. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, ameanza kukosa shule ili anishike mkono.

Mwanzoni watu walijaa. Jumuiya ilisali hapa kwangu kila wiki, walichanga, mchungaji alimletea Chakula cha Bwana kitandani. Baada ya miezi minne, mitano, wakapungua. Siwalaumu, kila mtu ana yake. Wanaofika sasa wananiambia "ni jaribu tu, mama, litapita", au "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba". Naitikia Amina, lakini moyoni nasema, basi mimi Mungu amenipima vibaya.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya niandike. Siwezi kusali. Sijaacha kuamini kwamba Mungu yupo. Napiga magoti, nasema "Baba yetu uliye mbinguni", halafu basi, hakuna kinachofuata. Nakaa hapo mpaka magoti yanaganda, nainuka. Jumuiyani zamu yangu ya kuomba ikifika najifanya nina kikohozi. Kanisani wakisimama kuimba natoka nje kana kwamba mtoto ananiita. Sijamwambia mtu yeyote.

Jirani akanipeleka kwa nabii mmoja. Mlangoni wahudumu wake waliniandika: jina, shida, naishi na nani, nani anakuja kuniona. Nilipofika mbele, nabii akaniambia ugonjwa huu umetupwa na mwanamke wa ukoo wa mume anayeingia kwangu kila wiki. Mama, nilitetemeka. Anayeingia kwangu kila wiki ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kila Jumamosi alikuwa anatoka kijijini, anamwogesha kaka yake, anamkata kucha, ananiambia nenda kalale. Nimemkataza kuja. Ni mwezi wa tatu sasa. Hakuniuliza kitu, alichukua kanga yake akaondoka.

Nabii alitaka sadaka ya mbegu, laki tano, ndipo mume wangu asimame. Nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nikampelekea laki tatu. Marejesho ni kila Jumatatu. Sasa anadai laki mbili zilizobaki, na amesema mgonjwa aache vidonge vya presha kwa sababu vinafunga mlango wa muujiza. Leo ni siku ya nne hajameza.

Juzi jioni likatokea jambo. Mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa, alikuwa anaosha vyombo huku anafanya mazoezi ya wimbo wa Shule ya Jumapili. Ni wimbo wa zamani, kila Mkristo anaujua. Alipofika kwenye kiitikio nikasikia sauti nzito kutoka chumbani. Mume wangu alikuwa anaimba. Maneno, Mama, maneno yenyewe, moja baada ya jingine mpaka mwisho wa kiitikio. Nilikimbia nikamkuta anatazama dari. Nikamwambia, "Baba, sema kitu." Akasema "ndiyo". Nikampigia mhudumu wa nabii, akanijibu kwamba hiyo ni mbegu imeanza kuota, nimalizie haraka kabla haijakauka.

Je, Mungu ananiadhibu kwa kuwa sisali? Nikope tena? Au imani imeshaniisha na mimi ndiye nisiyejua? Nimeweka namba yangu hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Mama wa watoto watatu, Makambako

—

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba nilikupigia siku ile ile barua yako ilipofika, kwa sababu habari ya vidonge haikuwa ya kungoja zamu ya safu hii. Nashukuru ulimpeleka kliniki asubuhi yake, wakampima, wakamrudishia dawa. Narudia hapa kwa ajili ya wengine wenye mgonjwa ndani. Presha haina kawaida ya kujitangaza. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku iko juu, ndiyo maana vidonge vyake havingoji kichwa kiume, vinamezwa kila siku. Na mtu aliyekwisha kupata kiharusi akiachishwa dawa, anafunguliwa njia ya kupata cha pili. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, nimewapokea wodini wanaorudi namna hiyo. Paulo alipomwona Timotheo anaugua mara kwa mara, alimwandikia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia imani yako ni haba. Na katika safari zake alitembea na Luka, anayemwita tabibu mpendwa. Hapo dawa na sala havikugombana.

Jambo jingine dogo kabla sijaendelea, kwa kuwa umelitaja kwa kupita: huko kupaliwa. Usimlishe akiwa amelala. Mkalishe wima, mto mgongoni, kidevu kielekee kifuani, kijiko kidogo kidogo, na uji uwe mzito kidogo, kwa sababu kitu chepesi kama maji ndicho kinachokimbilia njia ya hewa. Na unapomgeuza usimvute kwa mkono ule uliolala, bega lake linaumia na hawezi kukuambia. Mshike mwilini. Kliniki ijayo waeleze habari ya kupaliwa, na uombe wakuonyeshe pia mazoezi ya viungo ya kufanya nyumbani. Ni haki yake.

Sasa nabii. Rudi usome ulivyoandika wewe mwenyewe. Mlangoni uliulizwa naishi na nani, nani anakuja kuniona. Ndani ukaambiwa kuna mwanamke wa ukoo wa mume anayekuja kila wiki. Mwanangu, alikurudishia maneno yako. Ulikuwa umechoka, una miezi hujalala usiku mzima, na mtu aliyechoka hivyo akisikia siri yake ikitajwa na mgeni anatetemeka. Mimi pia ningetetemeka. Sikulaumu hata kidogo, na usijilaumu.

Lakini sadaka ya mbegu usimalizie. Usikope tena, hata shilingi. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, kina mwanamke aliyefiwa, anadaiwa, na mdai wake amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Akamlilia Elisha. Elisha alimwuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Alikuwa na chupa ya mafuta. Mafuta yale yakajaza vyombo vya majirani, akaambiwa akayauze, alipe deni, na kinachobaki aishi nacho yeye na watoto. Angalia fedha ilikwenda upande gani. Ilimfikia mwanamke, ikamtoa kwa mdai, watoto wakabaki nyumbani. Nabii hakuchukua kitu. Na sura inayofuata, Naamani alipoponywa ukoma akataka kumpa zawadi, Elisha aliapa kwamba hatapokea. Wewe umeambiwa uongeze deni ili Mungu amguse mumeo. Mungu wa Elisha hafanyi biashara hiyo, na nalisema hili nikiwa na hasira, maana wewe si wa kwanza kuniandikia.

Habari ya kuadhibiwa nitaipitia haraka, kwa kuwa jibu liko wazi. Wanafunzi walimwona kipofu wakamwuliza Yesu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawajibu si yeye wala wazazi wake. Mumeo alianguka kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila dawa ya kila siku. Hakuna mtu aliyeitupa. Na kukwama kwako katika sala kumekuja baadaye, baada ya miezi ya kubeba. Hakuwezi kuwa chanzo cha kilichotangulia.

Nataka nikae zaidi kwenye hilo la kusali, maana nadhani ndilo linalokutesa kuliko deni.

Yale maneno ya "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba" hayamo katika Biblia kama yanavyosemwa misibani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu hatawaacha wajaribiwe kupita wawezavyo, na mahali pale anazungumza juu ya kushawishika kutenda dhambi. Habari ya mizigo aliwaandikia katika waraka wa pili, sura ya kwanza, akieleza dhiki iliyowapata Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Huyo ni Paulo. Anasema mzigo ulizidi nguvu, na hakuona haya kuwaandikia watu kanisani. Kwa hiyo ulipojisemea moyoni kwamba umepimwa vibaya, hukumtukana Mungu. Ulikuwa unasema jambo ambalo mtume alilisema kwa kalamu.

Fungua pia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio huanza na machozi zikaishia na sifa. Hii haifiki huko. Inaanza na kulia usiku na mchana, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna aliyeiondoa wala kuiongezea mstari wa furaha mwishoni. Imewekwa katikati ya kitabu cha sala cha watu wa Mungu ili mtu kama wewe, usiku kama huo wako, awe na cha kusoma kisichomsingizia amani asiyo nayo. Ukiweza isome kwa sauti. Usipoweza iache wazi juu ya meza.

Nabii Eliya naye alikaa chini ya kichaka cha mretemu jangwani akaomba afe. "Yatosha," alisema. Mungu hakumtumia mhubiri. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Nimekuwa muuguzi muda mrefu kiasi cha kuamini kwamba Mungu alijua anachofanya pale. Mtu asiyelala hawezi kusali, kama asivyoweza kuinua gunia. Mwanangu, unaamka saa kumi usiku, na mgonjwa anageuzwa usiku kucha. Unalala saa ngapi? Mtu pekee aliyekuwa anakuambia nenda kalale ulimfukuza.

Hapo ndipo pa kuanzia. Usimpigie simu wala usimtume mtoto. Tafuta mtu akae na mgonjwa nusu siku, panda gari uende kijijini kwa wifi yako mwenyewe. Ukifika usianze na habari ya nabii, hiyo ni ya baadaye akitaka kujua. Mwambie, "Wifi, nimekukosea, nimekuja kukuomba radhi." Huenda akanyamaza muda mrefu. Kaa. Aliondoka bila kukuuliza kitu, mtu wa namna hiyo ana maumivu mengi ndani na anahitaji muda wa kuyatoa. Yesu alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Umedaiwa sadaka ya laki mbili. Bwana mwenyewe anasema sadaka ingoje, nauli ya kwenda kwa wifi itangulie.

Nitakueleza kilichonipata mimi. Mwaka 1998 nilimzika mwanangu wa pili. Nilikaa karibu mwaka mzima bila sala. Kanisani nilikwenda kwa sababu ya mazoea na aibu. Ilikuwa ikifika wakati wa kukiri imani, watu wote wanasimama, "Namwamini Mungu Baba", nami nasimama mdomo umefungwa. Nilikaa benchi moja na bibi mmoja mzee, mfupi, asiyenizidi bega. Kila Jumapili alikuwa akiikiri imani kwa sauti kubwa kupita kawaida, na ameninasa kiwiko changu. Nilidhani ni uziwi. Siku moja nikamwuliza kwa nini ananishika. Akanijibu, "Nakusemea. Ukipata sauti yako utaniambia, nitapunguza yangu." Alinisemea mpaka Majilio.

Tangu wakati ule nikisoma Marko sura ya pili, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne, nasimama kwenye neno moja. Walishindwa kupita kwa sababu ya umati, wakapanda darini, wakatoboa, wakamteremsha na godoro lake. Imeandikwa, "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Yao. Mgonjwa mwenyewe katika habari ile hasemi neno hata moja tangu mwanzo mpaka anapochukua godoro lake na kutoka. Hatujui kama alikuwa anaamini siku hiyo au alikuwa amechoka kama wewe. Waliombeba waliamini, na Yesu akapokea.

Wewe umekuwa ukimbeba mumeo pembe zote nne peke yako, halafu ukashangaa mbona imani haikutoshi. Imani yako ipo. Mtu asiye na imani hapigi magoti usiku mpaka yakaganda. Unachokosa ni watu wa pembe zilizobaki. Wifi mmoja. Mzee wa kanisa wa mtaa wenu awe wa pili, na kwake sema wazi, "Siwezi kusali, nisemeeni." Usijifanye una kikohozi tena. Ninajua inavyotisha kusema hivyo mbele ya jumuiya, lakini wale waliopungua baada ya miezi minne wengi hawakukuchoka, walikosa la kufanya. Wape la kufanya: Jumanne fulani amgeuze mgonjwa saa tatu ili wewe ubaki kwenye chapati, Alhamisi fulani afue mashuka. Watu wetu wanajua sana kubeba jeneza, kubeba mgonjwa wa mwaka wa pili wanahitaji kuelekezwa.

Huyo mzee wa kanisa akupeleke pia kwenye diakonia ya usharika, huduma ya kanisa kwa wenye shida, na mwende pamoja na karatasi ya ule mkopo. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wa namna hii wanatakiwa kuwa na leseni, na mkataba wako unapaswa kusomwa na mtu mwenye macho yasiyo na usingizi. Deni la kweli mtalipanga kidogo kidogo. Hospitali ya serikali mkienda muulizie afisa ustawi wa jamii, yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Na binti arudi darasani. Hili silijadili.

Utaniuliza, je, atasimama? Mwanangu, sitakuahidi. Sehemu kubwa ya nguvu huwa inarudi miezi ya mwanzo, baada ya hapo zinarudi polepole, na kwa wengine haziji zote. Nimeona mtu aliyeambiwa basi akaja kushika kijiko mwaka wa tatu. Nimeona pia watu walioombewa sana, kwa imani safi, wakafa kitandani mwao wakiwa na amani. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki. Tumaini letu lingekuwa dogo mno kama lingesimama juu ya mguu wa kulia wa mumeo. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walimwambia mgeni, "Nasi tulikuwa tukitumaini," kwa wakati uliopita, kama mtu anayefunga duka, na aliyekuwa akitembea nao ndiye waliyemlilia. Hawakumtambua mpaka alipoumega mkate jioni.

Nimekuachia jambo la wimbo mwisho, maana ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu.

Tuliofanya kazi wodini tunalifahamu. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo hulaza mkono na mguu wa kulia na mara nyingi huchukua usemi. Lakini wimbo ambao mtu ameuimba tangu utoto, pamoja na sala alizozikariri, mara nyingi hubaki, kwa kuwa ubongo hauviweki vyote chumba kimoja na maneno ya kuombea chumvi. Wapo wengi wasioweza kutaja jina la mke wao na bado wakaimba ubeti mzima. Kwa hiyo haikuwa mbegu ya laki tatu iliyoota. Ni miaka yote aliyosimama kwenye safu ya besi. Yule mzee wako yumo ndani, mzima, anasikia, anajua vyombo vinavyooshwa na wimbo unaoimbwa. Waambie wa mazoezi ya viungo jambo hili, wanaweza kulitumia kumfundisha kusema tena maneno machache.

Na wewe usingoje wao. Jioni mkishakula, kaa upande wake wa kushoto, ushike ule mkono ulio hai. Mwanao mdogo aanze wimbo ule ule, polepole. Mumeo huenda asiitike siku ya kwanza wala ya pili. Akikosea usimsahihishe, wala usimwambie "sasa sema". Baada ya wimbo ingieni kwenye sala ya Bwana, kwa mahadhi yale yale mnayoimba ibadani, si kwa kusoma.

Umeniandikia kwamba wewe unafika "Baba yetu uliye mbinguni" halafu unakwama. Basi anza hivyo hivyo, fika pale unapokwama, nyamaza. Mwache yeye aendelee.